Andaa Mchana

 

Mvuvi wa omena huandaa taa mchana. Jua bado lipo, naye anaikagua. Anatazama wavu. Anaupigia mwezi hesabu, maana mwezi ukiwaka, omena hawaifuati taa. Giza likiingia, yeye yuko tayari.

Nawe unayetamani kulala hemani katika mbuga ya Ruma, umwone korongo, yule swala ambaye Kenya nzima amebaki humo tu, bonde la Lambwe, andaa mchana. Maji, yajaze mchana. Nguo, zichague mchana. Acha ya buluu, acha nyeusi, kwani mbung'o huzifuata rangi hizo. Ukipanda milima ya Gwassi, mtafute mwenyeji akuongoze. Muulize kuhusu mvua. Anayajua mawingu ya kwao kuliko simu yako.

Nafurahi sana kuwaona vijana wetu wakitoka kuitazama nchi yao. Nataka watoke. Nataka warudi. Basi leo, ukiwa shambani, ukiwa dukani, ukiwa juu ya bodaboda, jiulize: safari ninayoipanga, nimemwambia nani ninakokwenda, na siku nitakayorudi?