Je, Kunyamaza Ndiyo Heshima?

Wahenga walitufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twaikubali methali hiyo, na watoto wetu tumewalea kwayo. Lakini yupo pia mkuu asiyesikia la mdogo; je, hapo guu litakalovunjika ni la nani? Hebu tulitazame swali hili mahali ambapo jibu lake hupimwa kwa uhai wa watu, yaani katika chumba cha marubani.

Mtu anayejifunza urubani huketi bega kwa bega na mwalimu wake, kila mmoja na usukani wake. Ili mikono isishindane, iko desturi: anayeupokea usukani hutamka kwamba ameupokea, na anayeuacha hukiri kwamba ameuacha. Katika nchi nyingi leseni ya kwanza hutaka saa 40 hivi angani, na kati ya hizo saa 10 ni za kuruka peke yake. Siku ya kwanza ya kuruka peke yake, mwalimu hushuka akabaki chini akitazama. Hapo ndipo twaona maana ya kufundisha: ni kumfikisha mwingine mahali ambapo aweza kuamua bila wewe.

Lakini je, mwanafunzi huyo aweza kumwambia mwalimu wake, "Hapana"?

Tarehe 27 Machi, 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini katika ukungu. Watu 583 walikufa. Moja ilikuwa ya shirika la KLM la Uholanzi, na nahodha wake alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege za aina hiyo. Rubani msaidizi alikuwa amepimwa na nahodha huyo huyo si muda mrefu kabla yake. Nahodha alipoanza kuongeza nguvu za injini, msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapewa ruhusa. Nahodha akaacha, akamwagiza aiombe. Walichopewa kilikuwa maelezo ya njia ya kufuata wakiisha kuruka, si ruhusa ya kuruka. Lakini nahodha akaanza kwenda. Safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi aliyeketi nyuma yao akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Nahodha akajibu kwa uthabiti kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Haitupasi sisi kuwahukumu wafu. Tujiulize tu: kwa nini mtu aweze kusema mara moja, ashindwe mara ya pili? Pengine ni kwa sababu mara ya kwanza ni kukumbusha, na ya pili huonekana kuwa ubishi. Haya hiyo twaijua sote. Tumeiona nyumbani, kazini, hata katika vikao vyetu, mwenyekiti akisoma hesabu isiyolingana na kila mtu akitazama miguu yake.

Wengine watasema: kila mdogo akisema, amri itakuwa ya nani? Hoja hii ina uzito, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini kuonya si kunyang'anya usukani. Anayeonya humwachia nahodha uamuzi, ila humwazima macho mengine. Anayenyamaza humwacha mkubwa wake peke yake na kosa lake. Hiyo si heshima, ni kumtupa.

Mwaka 1979 NASA ya Marekani iliitisha mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 shirika la United lilianza mafunzo mapya kwa marubani wake. Katika mafunzo ya namna hiyo, wadogo hufundishwa kusema wazi, na kurudia wasiposikiwa. Manahodha hufundishwa kuuliza na kusikiliza. Mzigo basi ni wa pande zote mbili, ingawa twaona ulio mzito zaidi ni wa mkubwa. Mdogo huhitaji ujasiri wa dakika moja. Mkubwa yampasa kila siku kuambiwa bila kukasirika. Aliyemkemea msemaji jana asitegemee onyo leo.

Basi, sisi tulio wazazi, walimu na wazee, ni lini mara ya mwisho mdogo alitukosoa, nasi tukamshukuru? Kama hatukumbuki, tusijisifu kwamba hatukosei. Huenda wamekwisha kukata tamaa ya kutuambia.