Cheo Kikubwa na Moyo Usiotulia

Ndugu msomaji, wako wengi miongoni mwetu ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia akili na bidii. Wameshinda mitihani, wamepata vyeo, na majina yao hutajwa kwa heshima. Lakini ukiwauliza habari za usingizi wao, watakuambia ya kwamba hulala wakihesabu kazi za kesho, na huamka wamechoka kuliko walivyolala. Je, mtu wa namna hii aiache kazi yake, au maradhi yake yako mahali pengine?

Imamu Abu Hamid Al-Ghazali aliyapata haya. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanavyuoni wengi. Alifundisha wanafunzi 300, na juu ya hayo akaandika vitabu. Lakini mwaka 1095 ulimi wake ulikataa kusema darasani. Chakula hakikupita kooni, nguvu zikamwishia, nao matabibu wakakata tamaa, wakisema ya kwamba ugonjwa huo umeanzia moyoni.

Yeye mwenyewe ameieleza sababu katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal. Alipoichunguza nia yake, aliona ya kuwa hakufundisha kwa ajili ya Mungu, bali kwa kutafuta jaha na sifa. Kwa muda wa karibu miezi 6 alisitasita, leo akiazimia kuondoka na kesho akiivunja azima yake. Hatimaye aligawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, akaenda Sham.

Huenda mtu akasema: “Mimi nina watoto wanaosoma na wazee wanaonitegemea, nitakwenda Sham ipi?” Swali hilo ni la haki. Lakini tuutazame mwisho wa kisa. Mwaka 1106 Imamu Ghazali alirudi kufundisha, mjini Nishapur. Alieleza ya kwamba huko hakukuwa kurudi alikotoka, kwani zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha, na sasa alifundisha elimu ya kuiachia jaha. Basi kazi haikuwa adui yake. Adui alikuwa ile njaa ya kusifiwa, ambayo kadiri uilishavyo ndivyo inavyozidi kudai.

Hata hivyo, nia njema peke yake haitoshi. Salman alipomkuta ndugu yake Abu Darda akifunga mchana na kukesha usiku katika sala, hata mkewe amesahauliwa, alimwonya ya kwamba Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na jamaa za mtu wana haki yao. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alimsadiki Salman. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, je, kazi ya ofisini isiwe nao?

Kwa hiyo, kila mmoja wetu ajiulize kabla ya kulala: kazi niliyoifanya leo, ningaliifanya vile vile kama asingalikuwapo wa kunisifu? Akijibu ndiyo, na alale, kwani malipo yake hayamo mikononi mwa watu. Akijibu la, basi amekwisha jua penye maradhi. Kesho na arudi katika kazi ile ile, ila abadilishe nia. Mwenyezi Mungu atujaalie bidii yenye utulivu. Amin.