Umar Hakuishia Mlangoni Kwake

  Ndugu zangu Waislamu, nawausia nyinyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah, na leo ucha Mungu huo tuupime kwa watu tusiowaona katika safu hizi za msikitini.

Wako nyumbani. Mmoja ni kijana aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, hageuki kitandani pasina mtu wa kumgeuza. Mwingine ni mzee aliyepooza upande mmoja. Na kando ya kila mmoja yupo mlezi: aghalabu mama, au dada aliyekatizwa masomo, au nyanya ambaye mwenyewe amefikia umri wa kushikwa mkono. Huyo mlezi haendi shamba, haendi sokoni, arusini hafiki, na akiugua hana wa kumshikia zamu. Tukimkuta njiani twamwambia, "Utalipwa na Mungu, mama." Kweli atalipwa. Lakini malipo ya Allah kwake hayatuondolei sisi deni letu.

Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliandika kitabu juu ya mapato ya dola kwa ajili ya Khalifa Harun al-Rashid. Humo amesimulia kuwa Umar bin Khattab (RA) alimpita mzee kipofu akiomba mlangoni pa watu. Akamuuliza ni wa dini gani, mzee akajibu kuwa ni Myahudi. Akamuuliza kilichomfikisha hapo, naye akataja jizya (kodi ya wasio Waislamu), haja na uzee. Umar akamshika mkono hadi nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Wengi wetu tungeishia hapo, na usiku tungelala tukijiona tumefanya kubwa. Umar hakuishia hapo. Alimwita mweka hazina wa Baitul-mal, akamwamuru amwangalie mzee huyo pamoja na wote walio mfano wake, kwani si uadilifu kula nguvu za ujana wa mtu kisha kumtupa akishakuwa mkongwe. Jizya akaondolewa, yeye na wenzake.

Yatazameni maneno hayo, "walio mfano wake". Umar alijua kuwa kipofu wa pili huenda asipite mlangoni pake kamwe. Sadaka humfikia anayeonekana. Asiyeonekana hufikiwa na hazina iliyopangwa, yenye daftari na mtu wa kuulizwa. Wanahistoria, Tabari akiwamo, wametaja pia kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, katika karne ya kwanza ya Hijra, alimpa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila asiyeona kiongozi wa kumshika mkono, ili wasiende kuomba watu. Basi mtu wa kumhudumia mwenye ulemavu alikwisha kuwa jambo la dola zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Anayetuambia kuwa kumlipa mlezi ni fikra za kigeni hajasoma tarehe yetu.

Sasa tuitazame hazina yetu ya leo hapa Kenya. Katika Inua Jamii, msaada wa serikali, upo mpango wa fedha kwa wenye ulemavu mkali, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwatunza muda wote. Kaya hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanyeni kwa siku thelathini: ni shilingi sitini na kitu kwa siku, za kulisha, kuosha, nepi za mtu mzima, dawa na nauli ya hospitali. Kiwango hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga na mafuta ikipanda. Na hata hizo mbili elfu zimewahi kucheleweshwa miezi kwa miezi, mama akawa anakopa dukani kwa ahadi ambayo si yake. Katika hesabu hiyo mlezi mwenyewe hamo. Jasho lake halina fungu, na siku yake ya kupumzika haijulikani itatoka wapi.

Kwa miaka mingi kaya zilizomo katika mpango huo zilikuwa kama 47,000 nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu, wa miaka mitano na kuendelea, sawa na asilimia 2.2. Si kila mmoja wao ana ulemavu mkali, lakini pengo hilo si la kupuuzwa. Na wenzetu wa Tanzania, katika sensa yao ya 2022, walipata asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na kuendelea. Najua njia za kuhesabu hazilingani. Hata hivyo, Vanga na Tanga ni jirani, damu yetu moja na maradhi yetu mamoja. Naamini sehemu ya tofauti ile imo vyumbani mwetu, imefungiwa komeo.

Hapa lawama si ya serikali, ndugu zangu, ni yetu. Tunawaficha. Tunaogopa posa za dada zao zisirudi nyuma, tunaogopa majirani waseme ni laana. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilikwisha kukataza kumficha mwenye ulemavu, na kabla ya sheria hiyo tulikuwa na Surat Abasa, ambamo Allah alimzindua Mtume wake kipenzi kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kutaka ilimu. Kipofu huyo, Abdullah bin Umm Maktum, hakuachwa akae kitako apewe chakula. Alikuwa mwadhini wa Mtume (SAW) pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja aliachiwa usimamizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Adhana yake ndiyo iliyowajulisha wafungaji kuwa alfajiri imeingia. Hakuiona alfajiri. Watu walimwambia kuwa kumepambazuka, ndipo akaadhini. Kazi ikapewa asiyeona, na wanaoona wakawajibika kumpa kile alichokosa. Hivyo ndivyo msaada unavyotakiwa kufanya kazi, umwezeshe mtu kusimama mahali pake katika umma. Nasi tumemjengea nini? Ngazi msikitini, pa kutawadhia pasipofikika kwa kiti cha magurudumu, na hutuba ambayo kiziwi hutazama midomo tu, hana wa kumfasiria kwa lugha ya ishara.

Mwezi Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu, mahali pa ile ya 2003. Tunashukuru. Lakini sheria isiyo na fungu katika bajeti haimnunulii mtu hata sabuni. Upo pia msamaha wa kodi: mwenye ulemavu aliyesajiliwa na mwenye ajira husamehewa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ni jambo jema kwake. Lakini mama wa kisiwani Kizingitini hana mshahara wa kusamehewa. Yeye anahitaji kiwango kinachopanda bei zikipanda, posho yake kama mlezi, na daktari wa kumpima mwanawe amfuate kisiwani, badala ya yeye kumbeba kijana mzima ndani ya boti, na pengine aambiwe arudi wiki ijayo.

Wako wanaosema, haya ni siasa, msikitini tuzungumze dini. Nawauliza: Umar alipomwita mweka hazina alikuwa anafanya nini? Na wako wanaosema zaka inatosha. Zaka tutaitoa, na mlezi fukara ana haki ndani yake. Lakini zaka ya mtaa mmoja haiwezi kubeba mzigo wa maisha mazima wa kila kaya, na kodi tunayolipa kila tunaponunua sukari nayo ni amana ya kuulizwa.

Kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti, na Katiba imetaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Vikao vya kusikiliza wananchi huja, nasi hatuendi, au huenda wale wale wa kila mwaka wakaomba barabara. Safari hii namtaka mlezi aende mwenyewe, akaseme kwa kinywa chake anachotumia kwa mwezi. Hawezi kwenda kama hana wa kumwachia mtu wake. Kwa hiyo kina mama na kina dada mlio upande wa pili wa pazia, nanyi vijana wa safu za nyuma, aliye tayari kukaa na mtoto wa jirani asubuhi moja ili mama yake aende kikaoni, aandike jina lake kwa kamati ya msikiti leo hii baada ya swala. Na mwenye mtu nyumbani ambaye hajasajiliwa, aketi nasi pia. Tutajaza fomu pamoja, na nauli ya kwenda kupimwa itatoka katika mfuko wa msikiti.