Tusiwanyamazishe Wanaouliza



Twataka kuungama jambo moja mbele yenu, huenda likawafaa. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la ubatizo katika mtaa mmoja wa wavuvi, si mbali na Mwanza. Somo lilikuwa Marko 4, jinsi Bwana alivyoutuliza upepo na bahari. Mtu mzima mmoja akasimama, akasema, "Mchungaji, mama yangu alikuwamo ndani ya MV Bukoba. Naye alikuwa mtu wa kuomba. Mbona wale waliokolewa, yeye asiokolewe?"

Mwaijua habari ya meli ile, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu mamia. Wengi wamelala makaburini Igoma hata leo. Nasi tulimjibu upesi, "Usimhoji Mungu, amini tu." Akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili.

Wenzake walibaki, wakayakariri majibu yote pasipo kukosa neno, nasi tukafurahi. Lakini usiku moyo ulitushitaki. Yule mmoja ndiye aliyelisikia Neno kweli kweli, naye ndiye tuliyemfukuza.

Dkt. Martin Luther alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, aliona Wakristo wengi wasioijua imani yao, hata baadhi ya wachungaji. Kwa hiyo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Twajua ilivyotungwa: kila amri na kila ombi hufuatwa na swali la kutaka maana yake. Basi Mlutheri aogopaye swali ameisahau Katekisimo yake mwenyewe.

Tena sisi watu wa Nyanza tuna urithi wetu. Baada ya Alexander Mackay kufika Buganda mwaka 1878, waliojifunza imani waliitwa basomi, maana yake wasomaji. Jina lao lilitoka katika kitabu walichokishika mkononi na kutaka kukielewa. Baadhi yao waliuawa kwa ajili ya Kristo mwaka 1886. Mackay naye alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa hili, akaendelea na kazi ya kupiga chapa maneno ya Injili, akafa huko mwaka 1890.

Tukirudi katika Maandiko twaona vivyo hivyo. Mariamu alimwuliza malaika jambo lile litakuwaje, wala hakukemewa. Yule Mhabeshi alikiri kwamba haelewi asomacho, naye Filipo akapanda garini, akaketi karibu naye. Na wanafunzi mle chomboni walimwamsha Bwana kwa swali zito, kwamba je, hajali wakiangamia? Angalieni mpango wa Marko: Bwana aliutuliza upepo kwanza, ndipo akawauliza habari za imani yao. Hakumtosa hata mmoja majini.

Basi tulimwendea yule ndugu mwaloni, tukamkuta akishona nyavu. Tukamwomba radhi. Jibu la swali lake hatukuwa nalo, wala leo hatunalo; yako mambo ambayo Mungu ameyaweka kwake mwenyewe, na Ayubu hakuelezwa sababu ya msiba wake. Lakini tuliketi, tukasoma Marko sura kwa sura, siku nyingi, hata tukafika msalabani, pale Mwana alipomwuliza Baba kwa nini amemwacha. Ndugu yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe naye aliuliza." Pasaka iliyofuata alibatizwa.

Kwa hiyo, walimu wapenzi, mtoto akisoma vizuri kwa moyo, msifuni, kisha mwulizeni maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Mtu akiuliza lililo gumu, msione haya kusema, "Sijui, ndugu, tusome pamoja." Nanyi mnaouliza, msiondoke mapema, kaeni na Neno hata lifunguke. Imani isiyotafuta ufahamu ni kama mtumbwi uliofungwa ufuoni: haupati dhoruba, wala haupati samaki.

Bwana atufumbue akili zetu, kama alivyowafumbulia wale wawili wa Emau njiani. Amina.