Kipimo Hupimwa na Nani?

Yako maswali ambayo mtu huyadharau kwa kuwa yaonekana madogo, kumbe ndani yake mna jambo kubwa. Swali letu la leo ni hili: mtu apimaye kitu nyumbani mwake, hali hana mnunuzi wala hakimu wa kumwuliza, je, apaswa kuwa na kipimo cha haki? Twataka kulijibu kwa habari ya upimaji wa umeme.

Katika Ulaya na Marekani wako watu ambao kazi yao ya mchana ni nyingine, lakini jioni huketi mezani pao wakipima volti, yaani nguvu ile isukumayo umeme katika waya. Hawalipwi kitu, furaha yao ni kupata hesabu iliyo sahihi. Nasi tumeionja furaha hiyo, na aibu yake pia.

Siku moja tulipima betri moja ndogo kwa mita mbili. Mita yetu ilisema volti 1.567, ya rafiki yetu ilisema 1.583. Zote mbili zilitoa jibu upesi, wala hapana iliyosita. Tukasema moyoni kwamba yetu ndiyo ya kweli. Kwa sababu gani? Kwa sababu ilikuwa yetu, na tuliinunua kwa bei kubwa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Baadaye jirani alituletea chombo chake cha kujazia betri za lithiamu, akitaka kujua kama ni salama. Betri za namna ile hukoma kujazwa zifikapo volti 4.20; zikizidishwa huharibika, na zikizidishwa sana zaweza kushika moto. Mita yetu ikasema 4.20, nasi tukamwambia atumie bila hofu. Lakini mwezi uliofuata tuliazima kigezo cha volti 10, ambacho mwenyewe alikwisha kukilinganisha na kingine kilicho bora zaidi. Mita yetu ikaonyesha 9.90. Basi ile 4.20 ya jirani ilikuwa 4.24! Hatukumdanganya kwa kusudi; lakini mita ya rafiki ilikwisha kutuonya, nasi tukaziba masikio. Ilitupasa kwenda kwake na kukiri kosa.

Hapo tulifahamu kwamba kinyozi hajinyoi. Mita haiwezi kujishuhudia. Sharti ishuhudiwe na kigezo, na kigezo nacho kishuhudiwe na kilicho kikubwa kuliko chenyewe. Je, mlolongo huo waishia wapi? Mwaka 1893 Edward Weston, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alitengeneza seli ya zebaki na kadimiamu itoayo volti 1.018 na kidogo. Tangu mwaka 1911 seli hiyo ilikuwa kigezo cha mataifa. Lakini ilitaka kutunzwa kama mtoto mchanga: isitikiswe, isipate joto wala baridi ya ghafula, wala isitolewe umeme wa kufanyia kazi. Mwaka 1962 Brian Josephson wa Cambridge, kijana wa miaka 22, alionyesha kwa hesabu njia iliyo imara zaidi, ambayo kwayo volti hupatikana kwa kuhesabu mitetemo ya mawimbi, katika vyombo vilivyotiwa baridi kali mno. Tangu mwaka 1990 maabara za mataifa hutumia njia hiyo kwa makubaliano.

Mtu wa nyumbani hana baridi hiyo. Yeye hutumia kitu kidogo kama LTZ1000, kitoacho volti 7.2 hivi, chenye kipasha joto ndani yake ili hali ya chumba isikibadilishe. Hata hivyo nacho hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka ipitavyo. Kwa hiyo wako wapelekeanao vigezo vyao kwa posta, kila mmoja akipima na kuandika alichokiona, pamoja na tarehe na joto la chumba. Adabu ya kazi hiyo ni moja: andika kwanza, usirekebishe kwanza. Maana ajuaye jibu la mwenzake kabla hajapima, mkono wake huelekea huko pasipo yeye kujua.

Huenda mtu akasema, “Ikiwa kila kipimo chahitaji kingine, basi hapana ajuaye kweli, na bidii hii yote ni bure.” Sivyo. Mpimaji mwaminifu hasemi tu, “Ni volti 10.” Husema, “Ni volti 10, na huenda nimekosa kwa sehemu 5 katika 1,000,000, kwa kadiri ya kigezo nilichokitumia.” Kukiri huku hakuipunguzii kweli nguvu, ni sehemu ya kweli yenyewe. Mita yaweza kuonyesha tarakimu sita na zote zikawa uongo mtupu. Nyingine yaonyesha tatu, nawe waweza kuzitegemea. Wingi wa tarakimu si wingi wa kweli.

Basi twarudi kwenye swali letu. Apimaye peke yake apaswa kuwa na kipimo cha haki, kwa kuwa hapana apimaye kwa ajili yake peke yake siku zote. Iko siku jirani atabisha hodi, akileta chombo chake mkononi, naye atayaamini maneno yetu. Siku hiyo hatutapata nafasi ya kuanza kuwa waaminifu; tutampa tu kile tulichokizoea tulipokuwa hatuonwi na mtu.

Tena tusiwaepuke wale wenye hesabu isiyopatana na yetu. Rafiki yule wa 1.583 alitufaa kuliko wote waliotusifu. Tulipomrudishia mita yake tulimshukuru, na juu ya yetu tukabandika karatasi yenye tarehe na kosa lake, ili kila aiazimaye alijue kabla ya kuiamini.