Wapandao Mlimani Siku ya Dominika



Juzi, mafundisho yalipokwisha na wenzake walipokwenda kuchota maji, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alibaki mlangoni mwa chumba chetu, akanionyesha picha katika simu yake. Kaka yake mkubwa, aliyebatizwa hapa Kongolo, anafanya kazi Nairobi katika nchi ya Kenya, naye ndiye aliyempelekea picha ile. Niliona watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, wamevaa viatu vizito, wana mifuko mgongoni, wamesimama juu ya kilima chenye nyasi, wanacheka.

Kijana akaniuliza, “Mwalimu, watu hawa wamelipa fedha ili watembee kwa miguu. Je, wameibiwa, ama wana wazimu? Mimi natembea kutoka kwetu mpaka misioni kila Jumamosi, nikiwa na unga wangu kichwani, wala hakuna anayenipiga picha.”

Tulicheka sote wawili. Lakini baadaye uso wake ulibadilika, kwa maana alikuwa na mambo mengine mawili moyoni. La kwanza, kaka yake hupanda vilima vile karibu kila Dominika, na tangu miezi mingi hajaingia kanisani. La pili, kaka huyo amemwita aende Nairobi upesi, asingoje Pasaka. Naye kijana, aliyebakiza miezi miwili tu kabla ya ubatizo, anataka kwenda. Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje jina lake.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Vilima vya Ngong viko karibu na Nairobi, upande wa kusini na magharibi, na kilele chao kina kimo cha meta 2,460 juu ya bahari. Vimepangana kimoja baada ya kingine kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Njia hupita juu ya migongo yao, hushuka, hupanda tena, hata mtembezi aliyedhani amemaliza huona kingine kinamngoja mbele. Upepo wa huko ni mwingi mno, na wenye nchi wamesimamisha minara yenye mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo huo ili kupata umeme. Ukisimama juu waona mji upande mmoja, na upande wa pili nchi huanguka ghafula katika Bonde la Ufa. Nasi tu jamaa ya bonde hilo, kwa maana tawi lake la magharibi ndilo lenye Ziwa Tanganyika, ambamo ndugu zetu wa Kalemie huvua samaki wao.

Basi kwa nini watu wapande huko? Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Nairobi watu zaidi ya milioni 4. Wengi wao huamka kukiwa giza, huingia ndani ya gari, hukaa humo muda mrefu kwa sababu magari yamesongamana barabarani. Wakifika kazini hukaa kitini mchana kutwa. Jioni hurudi kwa taabu ile ile. Mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani aliye nyuma ya ukuta wake. Kwa hiyo watu wa kazi moja, au hata wasiojuana kabisa, hupatana. Mmoja wao hukusanya fedha za gari na za kiingilio, na mwisho wa juma huondoka pamoja alfajiri. Huko juu hugawana maji na mkate, na mwenye nguvu humshika mkono aliyechoka. Wamelipa fedha, naam, lakini wamenunua kile ambacho ninyi mnakipata bure mkija misioni kwa makundi, mkiimba njiani. Msiwacheke sana.

Wala mimi sioni dhambi katika kupanda kilima. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakumkemea. Alimlaza usingizi, akamlisha mkate na kumnywesha maji, kisha akamwendesha siku arobaini mpaka mlima Horebu. Na Bwana wetu Yezu Kristu, mitume wake waliporudi kutoka kazi ya kuhubiri nao hawana hata nafasi ya kula, aliwaita kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Mwenyewe alipenda milima. Alikesha mlimani usiku kucha akisali, na kulipokucha akawachagua wale Kumi na Wawili.

Lakini angalieni jinsi safari hizo zinavyokwisha. Eliya alipofika Horebu aliulizwa anafanya nini huko, kisha akarudishwa njia aliyoijia, na kazi mkononi. Mitume walipoipeleka mashua mahali pa upweke, makutano walikwisha kuwatangulia kwa miguu, na Yezu aliwahurumia, hakuwafukuza. Na siku ile alipogeuka sura mlimani, Mtakatifu Petro alitaka kujenga vibanda vitatu wakae huko. Ni nani asiyemwelewa Petro? Hata hivyo walishuka, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa, amewangoja, analia.

Kaka wa kijana wetu amemwambia kwamba yeye humwona Mungu katika upepo wa Ngong, tena vizuri kuliko kanisani. Nampa jibu la Horebu lenyewe: upepo mkubwa ulipasua miamba mbele ya Eliya, lakini Bwana hakuwamo katika upepo ule. Alisikika baadaye, kwa sauti ndogo, na sauti ile ilimpa amri. Upepo wa kilimani haumwamrishi mtu neno lolote. Haumwulizi kama amemsamehe ndugu yake, wala haumpi Mwili wa Kristu. Hilo ndilo kosa la kaka yetu. Amekipata kilima, akaiacha meza. Na asiseme kwamba hana nafasi, kwa sababu sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, inakubali Misa ya jioni ya Jumamosi kwa kutimiza wajibu wa Dominika. Asali jioni, apande asubuhi, nani atamzuia?

Alikuwako kijana aliyefanya hivyo vizuri, nami napenda mlijue jina lake: Pier Giorgio Frassati, wa mji wa Torino katika nchi ya Italia. Alizaliwa mwaka 1901, mtoto wa tajiri mwenye gazeti kubwa. Alisoma elimu ya migodi, kwa sababu alitaka kuwatumikia wachimba madini, na sisi tuliokuwa watu wa Katanga hata mwaka 2015 twajua kazi ile ilivyo. Mwisho wa juma alitoka mjini pamoja na rafiki zake, wasichana kwa wavulana, wakaenda kupanda milima mirefu yenye theluji. Walikuwa wacheshi mno. Mwaka 1924 walijifanyia chama kidogo, wakakipa jina la mzaha, kana kwamba wao ni kundi la watu wabaya. Lakini Frassati hakukubali kukosa Misa kwa ajili ya mlima. Alitafuta kwanza altare, ndipo akachukua kamba zake. Na siku nyingine zote, bila kuwaambia wazazi wake, aliingia katika nyumba za maskini wa Torino akiwapelekea chakula, dawa na fedha zake mwenyewe. Alishikwa na ugonjwa wa kupooza, na wengi husadiki kwamba aliupata kwa wagonjwa aliowazuru. Usiku wa kuamkia kufa kwake, mkono wake ukiwa karibu kupooza, aliandika karatasi kwa taabu, akiomba maskini mmoja apelekewe dawa yake ya sindano. Alikufa tarehe 4 Julai 1925, mwenye miaka 24. Siku ya maziko wazazi wake walishangaa kuona maskini wengi mno njiani, watu wasiowajua kabisa. Papa Leo wa 14 amemtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Sasa nawageukia ninyi wa vijijini, hasa wanaume, maana nawaona mkitikisa vichwa juu ya watu wa Nairobi. Je, ninyi mwapumzikaje siku ya Bwana? Mume huketi chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jua kutua. Amepumzika, kweli. Na mke wake je? Amechota maji, amekata kuni, ametwanga mihogo, amepika bukari na sombe, amemwogesha mtoto, tena akarudi kisimani. Amri ya Mungu katika kitabu cha Torati imetaja pumziko la mtumwa na la mjakazi, na hata la punda. Itakuwaje basi punda wa Wayahudi apumzike kuliko mama wa watoto wako? Mwanamume akishika ndoo Dominika moja, watu watamcheka kisimani. Nimechekwa mimi pia. Kicheko hakimwui mtu.

Nirudi kwa kijana wetu. Nilimwuliza anatafuta nini Nairobi. Akasema, “Nimechoka na kijiji, Mwalimu. Moyo wangu utatulia huko.” Nikamwonyesha tena picha ile. Kaka yake, aliyekwisha kufika huko, anaukimbia mji ule kila Dominika ili moyo utulie, na siku ya pili huamka na moyo ule ule. Kijana akaitazama kwa muda mrefu. Sikumkataza kusafiri, kazi ni kazi, na familia ina haki ya kusaidiwa. Nilimwomba tu asiondoke kabla ya usiku wa Pasaka.

Tukaandika ujumbe pamoja, yeye akitamka, mimi nikisahihisha. Amemwambia kaka yake kwamba atabaki hata Pasaka, na kwamba anamtaka yeye, wala si mwingine, awe baba yake wa ubatizo. Amemweleza pia kwamba Kanisa humtaka baba wa ubatizo awe mtu anayeishi kwa imani, hivyo aende kuungama kwanza huko Nairobi, tena asikawie, maana njia ya kuja Kongolo ni ndefu. Ujumbe umekwenda siku ya Jumanne. Jibu halijafika bado.