Noti kumi kwenye meza ya nyanya

Tumweke mtoto mmoja nyuma ya meza ya nyanya pale Bunagana, upande wa Kongo, karibu na bariyeri. Ana miaka sita, yuko mwaka wa kwanza wa msingi, na darasani anasifiwa: anahesabu mpaka mia kwa Kifaransa bila kukwama. Mama yake amevuka upande wa Uganda kufuata kabichi, naye ameachiwa biashara. Nyanya zimepangwa mafungu, kila fungu franka 500.

Anafika mnunuzi. "Kadada, fungu bei gani?"

"Mia tano, papa."

Mnunuzi anachukua mafungu manne. Anatoa noti za franka mia na kuzitandaza moja moja mpaka zinajaa meza. Msichana anagusa kila noti kwa kidole, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa: un, deux, trois, hadi dix. Haruki hata moja. Noti kumi kwa mafungu manne! Anaona amelipwa kupita kiasi, basi anamwongezea nyanya mbili. Mama anaporudi anakuta franka 1,000 mahali pa 2,000, na karipio linalofuata linasikika mpaka meza za jirani: kila siku unahesabu, leo umeshindwaje?

Lakini mtoto hakushindwa kuhesabu. Noti zilikuwa kumi kweli. Alichokosa ni kujua kwamba noti tano za mia ndizo zinazolipa fungu moja tu, na kwamba kitu kikitandazwa hakiongezeki. Hayo hakuna aliyempa ayashike kwa mikono yake. Alipewa majina ya namba yakifuatana, akayabeba vizuri, akapigiwa makofi, na watu wazima wote wakaamini anajua hesabu.

Mwaka 1941 mwanasaikolojia Jean Piaget wa Geneva, pamoja na Alina Szeminska, alichapisha kitabu juu ya namba katika akili ya mtoto. Katika majaribio yao, mtoto aliwekewa safu mbili za vitu, idadi sawa, akakubali kuwa ni sawa. Kisha safu moja ikanyooshwa, vitu vikaachana. Wadogo wengi walisema iliyonyooshwa sasa ina vingi zaidi, hata pale walipoweza kuhesabu zote mbili. Meza ya nyanya haikutofautiana na safu hizo.

Katika maumbo ni yale yale. Pembetatu huchorwa ubaoni ikiwa imekaa kitako, ncha juu, pande sawa. Igeuze ncha iangalie chini na mtoto atakwambia hiyo si pembetatu, imeanguka. Chora nyembamba ndefu, ataiita mwiba. Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Uholanzi, walieleza jambo hili mwaka 1957: mwanzoni mtoto hutambua umbo kwa sura yake nzima, na kinachomvusha mpaka aone pande na pembe ni namna anavyofundishwa kuliko umri wake.

Simlaumu mwalimu wa Bunagana. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliuteka mji huo, familia nyingi zikakimbilia wilaya ya Kisoro nchini Uganda, wengi wakapitia kambi ya Nyakabande. Mtoto aliyekatiwa masomo hivyo anaporudi, anaingia darasa lililojaa, na mwalimu mwenye chaki moja anashika kile kinachobeba wengi kwa pamoja, yaani kiitikio. Hata hivyo sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Mtoto anayeuza nyanya kwa Kiswahili aanze kuhesabu kwa Kiswahili. Kifaransa kitakuja na hakitapotea.

Vifaa navyo havihitaji kusubiri mradi. Mkoani humu humu, Ishango, kando ya Ziwa Edward, mwanajiolojia Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa mdogo wa maelfu ya miaka, wenye mikato iliyopangwa mafungu katika safu tatu. Wataalamu wanabishana ulikuwa wa nini, ila safu mbili kati ya hizo zina mikato 60 kila moja. Mkono wa mtu ulikuwa unapanga mafungu hapa zamani sana.

Basi kokoto nyeusi za volkano zimejaa njiani, na vifuniko vya chupa havikosekani. Mwambie mtoto: niletee tano. Usimwambie ahesabu, mwambie alete. Zisogeze pamoja, kisha zitandaze, umwulize kama zimeongezeka, na usimkatize anapofikiri. Akishika hilo, mbadilishane: kokoto tano kwa kifuniko kimoja. Vifuniko vinne ni kokoto ngapi? Hapo ndipo noti za mia zinapoingia mezani, na fungu la nyanya pembeni yake, mama akiwepo.

Kwa maumbo, kata mabua ya mahindi, marefu na mafupi. Aunge matatu yakutane ncha kwa ncha. Ageuze, alaze, asimamishe, asukume mpaka iwe nyembamba. Mpe pia mabua mawili mafupi mno na moja refu, ncha zikatae kukutana, umwulize kwa nini hii si pembetatu. Akijibu kuwa mwalimu ndiye aliyesema, mpe mabua mengine siku hiyo hiyo, umwulize tena.